Kumtafuta babu wa Kengeleni: tulivyofanya sisi

Mwezi uliopita nilimsaidia binamu yangu kumtafuta baba wa babu yetu, ambaye kila mtu nyumbani husema alikuwa "mtu wa kengele" kule Freretown, Mombasa, kijiji cha misheni cha watumwa walioachwa huru; penye kengele yake ndipo panaitwa Kengeleni.

Hatua ya 1. Kaa na mzee, umwache aseme. Rekodi kwa simu, lakini andika kwenye daftari pia, kwa sababu simu hainasi mikono. Shangazi alipofika kwenye kengele aligonga meza kwa kidole mara tatu, akanyamaza, akagonga tena. Hilo nalo liandike.

Hatua ya 2. Pima hadithi kwa miaka. CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza) ilianzisha Freretown mwaka 1875 kwa ajili ya mateka ambao manowari za Waingereza ziliwaokoa kwenye majahazi ya watumwa. Mzee akisema babu "alitoka Bombay" lakini alikuwa Mnyasa (mtu wa upande wa Ziwa Nyasa), usimkatize. Baadhi ya mateka walilelewa Nasik, upande wa Bombay, India, kisha wakaletwa Mombasa.

Hatua ya 3. Majina. Hapa tulipoteza siku mbili nzima, basi soma polepole. Tulitafuta jina la ukoo tunalotumia leo, tukatoka mikono mitupu. Zamani hizo mtoto alichukua jina la ubatizo la baba yake: mwana wa Yohana akawa Petro Yohana, na mwana wa Petro akawa mtu wa jina jingine kabisa. Tena Yohana huyo huyo huenda akaandikwa John siku ya ndoa yake. Kwa hiyo usianze na babu. Anza na mtoto wake wa mwisho, ambaye ubatizo wake unakumbukwa, usome majina ya wazazi, ndipo urudi nyuma mtoto kwa mtoto. Mshike sana mama: jina la mke lilitutoa gizani pale jina la mume lilipobadilika. Nakili pia majina ya wasimamizi wa ubatizo, maana mara nyingi ni majirani au watu waliotoka naye bara. Na usichukue tarehe ya ubatizo kuwa ya kuzaliwa. Watu wazima walifundishwa kwanza ndipo wakabatizwa.

Jambo jingine: "misheni" ya wazee si lazima iwe Freretown. Watoro waliokimbia mabwana zao wengi walikimbilia Rabai, misheni nyingine ya CMS karibu na Mombasa, na tarehe 1 Januari 1889 George Mackenzie, mkuu wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki (IBEA), aligawa hati za uhuru huko. Uliza kama nyumbani kuna karatasi ya zamani sandukuni.

Hatua ya 4. Mwone kasisi, umweleze unamtafuta nani, uombe kitabu cha ubatizo. Nenda na penseli, si kalamu ya wino. Usipige picha bila ruhusa.

Hatua ya 5. Barua za wamisionari wa CMS zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ziache hadi uwe na jina na mwaka.

Sisi tulimpata kwenye ubatizo wa binti yake wa tatu. Nilimsomea shangazi jina la msimamizi, akashika mdomo: ndilo jina alilopewa yeye.