Changu wa kikaangoni kwa mchuzi wa tui na ndimu

Samaki akishika kikaangoni watu hulaumu kikaango. Hata mimi nililaumu, nikanunua kipya, na changu wa kwanza akashika vilevile. Kosa lilikuwa maji.

Kwa watu wawili: vipande 2 vya mnofu wa changu vyenye ngozi, unene wa sentimita 2 hivi; mafuta vijiko 2 vya chakula; chumvi; tui zito nusu kikombe; punje 2 za kitunguu saumu; pilipili mbuzi 1; ndimu; giligilani kidogo.

1. Sokoni. Macho yawe maangavu, mashavu mekundu kwa ndani, nyama ukiibonyeza irudi. Mwambie anayekusafishia aondoe magamba na mifupa, ngozi aiache. Changu akikosekana, chukua chewa. Ukiwa Mwanza tumia sangara. Ukipata samaki asiye na ngozi, wakati wa kukaanga mpe dakika 3 upande wa kwanza.

2. Mkaushe. Futa kwa kitambaa safi pande zote, weka kwenye friji dakika 15 bila kufunika, kisha futa tena. Maji yakibaki juu ya ngozi lazima kwanza yageuke mvuke, na wakati huo samaki anachemka, hakaangiki. Ndiyo maana simpaki ndimu mapema, ingawa wengi tumelelewa hivyo: ndimu huanza kumwivisha juujuu na kumtoa maji. Hata chumvi, nyunyiza akiwa anaingia motoni.

3. Kaanga. Kikaango kizito, moto wa wastani unaoelekea kuwa mkali. Mafuta yakianza kumeremeta, mlaze ngozi chini, ukianzia upande ulio karibu nawe ili yasikurukie. Ngozi itajikunja, ikandamize kwa mwiko bapa sekunde 15. Kisha mwache dakika 4. Usimchokoe! Ngozi ikikauka vizuri hujiachia yenyewe. Ukijaribu kuinua akagoma, mpe nusu dakika. Weupe utaonekana ukipanda ubavuni. Ukifika theluthi mbili, geuza, dakika 1 tu, umtoe na kumweka ngozi juu.

4. Mchuzi. Kikaango usikioshe. Punguza mafuta kibaki kijiko kimoja, moto uwe mdogo. Tia kitunguu saumu kilichopondwa na pilipili nzima (ikipasuka, shauri yako) sekunde 30. Mimina tui, kwangua ule ukoko wa kahawia chini, maana utamu uko humo. Koroga muda wote. Tui likitokota kwa fujo hukatika. Baada ya dakika 2 au 3 litakuwa zito. Zima moto ndipo ukamulie nusu ndimu, utie giligilani, uonje chumvi.

Mchuzi utangulie kwenye sahani, samaki akae juu yake, ngozi isilowe. Wali mweupe unatosha pembeni. Mgeni akipiga simu kusema yuko kwenye foleni Mbagala, anzeni kula.