Siku Moja Cascais, Bila Haraka

Dada yangu wa South B anakwenda Lisbon mwezi ujao. Namwandikia haya, na yeyote mwingine wa Nairobi mwenye safari hiyo, ili asiikose Cascais, mji wa pwani karibu na Lisbon, Ureno.

Panda treni asubuhi stesheni ya Cais do Sodré. Safari ni kama dakika 40. Kaa upande wa kushoto, maana mto Tejo utakusindikiza hadi ugeuke bahari. Ukishuka, usikimbilie kuogelea. Hiyo ni Atlantiki, na maji yake si ya Diani hata kidogo. Lowesha miguu kwanza pale Praia da Rainha, kaufuo kadogo kati ya miamba, kisha uketi tu.

Mchana, kama ni kiangazi, agiza sadini wa kuchoma. Ukisema “mesa” mhudumu ataelewa: neno letu meza lilitoka kwa Wareno, sawa na leso. Hilo hunigusa kila nikilikumbuka.

Jua likipoa, tembea kuelekea magharibi hadi Boca do Inferno, yapata kilomita 2, uyasikie mawimbi yakivuma ndani ya mwamba. Beba sweta, upepo wa hapo ni kama wa vilima vya Ngong.