Forester SG5 inayonesa: namna ya kuirudishia miguu, kisha kuiongezea

Gereji yangu iko Morogoro, karibu na Msamvu, kwa hiyo wanaopanda Iringa na wanaoshuka Dar wote wananipitia. Gari ninalolifungua miguu (springi, shokapu na mikono inayoshika tairi) kuliko mengine ni Subaru Forester SG5, zile zilizoanza kutengenezwa mwaka 2002. Malalamiko ya wenye nazo yanafanana. Gari linalala kwenye kona, nyuma inachuchumaa ukipakia familia na mizigo, na ukishuka mlima Kitonga nyuma ya lori usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi. Wengi wanafika tayari wamenunua springi fupi za rangi. Nawaambia waziache kwenye boksi kwanza, maana gari hili lilitoka kiwandani likishika barabara vizuri sana. Kilicholishinda ni umri. Ukifunga kifaa kipya juu ya bushi zilizokufa, yaani mipira ya kwenye maungio, unapata gari gumu ambalo bado linayumba.

Kabla ya kuinua gari, soma ubavu wa tairi. Magari mengi ya mtumba kutoka Japani huingia yakiwa na matairi ya theluji, yameandikwa STUDLESS. Mpira wake ni laini na umechanjwa michirizi mingi midogo. Kwenye lami yetu ya mchana unanesa chini yako na utadhani shokapu zimeisha. Tazama pia tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2316 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi la namna hiyo liondoe hata kama kashata bado ni ndefu. Upepo ujazwe kwa kufuata kibandiko cha mlangoni, gari likiwa halijatembea.

Halafu ingia chini. Gari likae juu ya stendi imara, kamwe usiliamini jeki peke yake. Bushi ninayoitafuta kwanza ni ya nyuma ya wishboni ya mbele (mkono wa chini unaoshika tairi), ile kubwa. Chomeka mtaimbo mfupi, sukuma mbele na nyuma huku unaangalia mpira. Ukiwa mzima, mkono unasogea kidogo na kurudi. Ukiwa umekufa, utaona ufa umezunguka karibu duara zima, na chuma cha katikati kinahama chenyewe huku mpira umebaki. Ukifunga breki, mkono huo unarudi nyuma na tairi linabadili uelekeo bila wewe kugusa usukani. Hapo ndipo hofu ya Kitonga inapotoka, na bei ya bushi ni ndogo ukilinganisha na springi za rangi. Endelea na boljointi, tairodi, linki za stabilaiza (chuma kinachozuia gari kulala kwenye kona) na bushi zake, na bushi za mikono ya nyuma. Linki ikigonga kwenye matuta, badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja, za mbele au za nyuma kadiri ilipo.

Sasa nyuma, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu ndipo pesa za watu zinapopotea. Baadhi ya SG5 zina shokapu za nyuma zinazojipandisha zenyewe. Unapotembea na mzigo, mtikisiko wa barabara unaendesha pampu iliyomo ndani ya shokapu, na gari linanyanyuka mpaka kimo chake. Utazitambua kwa mwili wake mnene kuliko shokapu ya kawaida. Zikifa, matako ya gari yanashuka na hayapandi tena. Kosa linalofanywa ni kununua shokapu za kawaida na kuziingizia springi zilezile za zamani. Springi hizo zilitengenezwa laini kwa sababu shokapu ilikuwa inabeba sehemu ya uzito. Ukiitoa shokapu ile, toa na springi, uweke za SG5 isiyo na mfumo huo. Usikubali kuwekewa spesa nene au mipira katikati ya springi; kimo kitarudi, ulaini utabaki palepale, na spesa ikizidi unene shafti zinakaa kwa pembe mbaya na kula sivijointi, maungio yao ya kuzungusha tairi.

Kwa shokapu zenyewe, KYB Excel-G zinakurudisha karibu na gari lilivyotoka kiwandani. Anayetaka ukavu kidogo zaidi atafute New SR Special za kampuni hiyohiyo. Nunua jozi, kushoto na kulia, pamoja na mauntingi za juu na raba za kuzuia. Wanaokata springi kwa grainda siwafanyii kazi hiyo. Springi iliyokatwa haikai vizuri kwenye sahani yake, na gari linagonga raba kila tuta.

Wakati wa kufunga, yako mambo manne nisiyoyaruka. Mbele, bolti ya juu kati ya zile mbili za chini ya shokapu ina kichwa chenye alama: hiyo ndiyo inayorekebisha mlalo wa tairi. Piga mstari wa rangi juu yake na juu ya shokapu kabla hujailegeza. Pili, nati ya katikati ya mauntingi usiiguse mpaka springi imebanwa kwa vibano viwili vinavyotazamana. Springi iliyobanwa ina nguvu ya kuvunja taya. Tatu, simamisha shokapu mpya wima, ibonyeze na kuiachia taratibu mara kadhaa kabla ya kuifunga, kisha hakikisha mwisho wa springi umekaa kwenye ngazi yake ya chini. Zile nati tatu za juu ni ndogo, Newton mita 20 zinatosha. Nne, bolti za wishboni na mikono ya nyuma zikazwe mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Ukizikaza miguu ikining'inia, mpira wa bushi unakaa umesokotwa siku zote na utachanika mapema. Bushi mpya zinazorudi zimepasuka, mara nyingi chanzo ni hiki.

Gari likitulia hapo, wengi hawahitaji zaidi. Anayetaka kona zipungue kulala, kitu cha kuongeza ni stabilaiza ya nyuma yenye unene zaidi. Ugumu wake unapanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka milimita 17 kwenda 20 ugumu unakaribia mara mbili. Pima ya kwako kwa kalipa kwanza. Badilisha na vishikizo vyake viwe imara, na usivuke hapo kwa gari la familia, maana nyuma ngumu mno inateleza kwenye lami yenye mvua.

Malizia kwa alaimenti ya mashine, na udai karatasi yenye vipimo vya kabla na baada. Mlalo wa kushoto na kulia mbele ulingane, na tairi zitazame mbele karibu na sifuri. Usukani ukiwa umekaa upande huku fundi anasema ni sawa, mrudishe kwenye mashine.

Chukua tepu, pima kutoka katikati ya kila rimu hadi ukingo wa mudigadi, andika namba nne. Tembea kilomita 500 hivi, ukiwa na mzigo wako wa kawaida sehemu ya safari, kisha kaza nati za rimu na bolti zote upya na upime tena. Kona moja ikiwa imeshuka kuliko mwenzake wa upande wa pili, fungua uangalie springi imekaaje kwenye sahani.