Kupima mtiririko wa maji ndani ya fungu la fueli kwenye kinu cha nyuklia cha bwawa

Geji ya pampu inaonyesha maji yanayotoka kwenye pampu tu. Yanakopita baada ya hapo ni habari nyingine. Kule kwenye kituo cha umeme wa nyuklia cha Paks, Hungaria, tarehe 10 Aprili 2003, mafungu 30 ya fueli (vipande vya fueli vilivyoshikanishwa pamoja) yalikuwa ndani ya tangi la kusafishia. Pampu ilikuwa ikifanya kazi, ila maji mengi yalichepuka pembeni. Mafungu yakapata joto kali na kuharibika vibaya. Kwa hiyo pima ndani ya fungu lenyewe.

Njia hii ni ya vinu vya utafiti vyenye fueli ya mabamba. Kinu kiwe kimezimwa, na msimamizi wa zamu awe ametoa kibali.

Hatua ya 1: Tengeneza fungu bandia. Mabamba yawe ya alumini tupu, bila urani, lakini unene, nafasi kati yake na mdomo wa chini vilingane kabisa na vya fungu halisi. Nafasi hizo ni milimita chache tu. Ukizikosea, unapima kitu kingine. Toboa vitundu viwili vya presha, kimoja juu ya mabamba na kingine chini, kisha lainisha kingo zake kwa ndani.

Hatua ya 2: Lifanyie ugezi nje ya kinu, yaani linganisha usomaji wa presha na mtiririko unaojulikana. Pitisha maji ndani yake yaingie kwenye tangi lililo juu ya mizani, saa mkononi. Kilo 200 kwa sekunde 40 ni kilo 5 kwa sekunde. Rudia kwa mitiririko midogo na mikubwa, uchore grafu ya mtiririko na tofauti ya presha. Mtiririko ukiongezeka maradufu, tofauti ya presha hukaribia mara nne. Ikiwa mbali na hapo, tafuta panapovuja.

Hatua ya 3: Toa hewa kwenye mirija ya geji. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Hewa ya sentimita 10 tu kwenye mrija uliosimama inaleta kosa la karibu kilopaskali 1. Tumia mirija ya plastiki angavu, uigonge kwa kidole huku maji yakipita, mpaka usione kiputo. Pampu ikiwa imezimwa, geji isome sifuri. Isiposoma sifuri, usiendelee.

Hatua ya 4: Pima kila nafasi ya fungu ndani ya kinu. Shusha fungu bandia, washa pampu, subiri usomaji utulie, andika presha pamoja na joto la maji. Joto usiliache: kwenye nyuzi 40 mnato wa maji ni pungufu kwa karibu theluthi moja kuliko kwenye nyuzi 20, kwa hiyo grafu ya ugezi inahitaji masahihisho. Kila ukihamisha fungu, rudia hatua ya 3.

Hatua ya 5: Jumlisha. Mitiririko ya nafasi zote, pamoja na maji yanayopita kati ya mafungu, ikaribiane na ya pampu. Nafasi moja ikipungukiwa kuliko wenzake, shusha kamera uangalie tundu lake kwenye bamba la chini linaloshikilia mafungu kabla fueli haijarudishwa.