Namna ya kuchagua na kufungua blanc de blancs

Ukiona blanc de blancs kwenye lebo ya waini ya Ufaransa maana yake ni nyeupe iliyotoka kwa zabibu nyeupe tupu. Utauliza kwani nyeupe nyingine inatoka wapi, sasa sikia, juisi ya zabibu nyeusi nyingi haina rangi, rangi iko kwenye ganda, kwa hiyo wakizikamua polepole na kutoa maganda mapema wanapata waini nyeupe kabisa, na huko Champagne, eneo la Ufaransa linalotoa shampeni, ndo wanavyofanya na zabibu nyeusi za Pinot Noir na Meunier.

Kama chupa haina mapovu usihangaike na hayo maneno, waini nyeupe za kawaida karibu zote ni za zabibu nyeupe, mfano Chablis (waini ya Ufaransa) ni zabibu nyeupe ya Chardonnay tupu na wala hawajisumbui kuandika.

Kwenye za mapovu ndo usome lebo vizuri. Ikiwa ya Champagne basi karibu kila mara ni Chardonnay, tafuta majina ya vijiji kama Cramant, Avize, Oger au Le Mesnil-sur-Oger, vyote viko Côte des Blancs kusini ya Épernay kwenye udongo wa chaki. Mimi Le Mesnil ndo naipenda kuliko zote, ikiwa changa ina ukali wa ndimu mpaka mdomo unabana, ila ikikaa miaka inaanza kunukia mkate uliookwa na karanga, yani subira inalipa kweli.

Hela haitoshi? Chukua Crémant (waini ya mapovu ya Ufaransa ya nje ya Champagne) ya Limoux, Loire au Alsace, mapovu yake nayo yanatengenezewa ndani ya chupa ileile, tofauti ni kwamba yenyewe inalala na chachu humo ndani angalau miezi 9 wakati shampeni ni 12. Ila hapo sio lazima iwe Chardonnay, ya Loire inaweza kuwa Chenin, zabibu nyeupe nyingine.

Kama ni mara yako ya kwanza anza na Brut (sukari chini ya gramu 12 kwa lita), Extra Brut, yenye sukari pungufu zaidi, itakuja baadae.

Kufungua: iweke kwenye ndoo ya barafu NA maji nusu saa hivi, ifike digrii 8 mpaka 10. Legeza waya huku dole gumba liko juu ya kizibo muda wote, presha ya humo ndani ni zaidi ya mara mbili ya tairi la gari, iinamishe chupa kidogo alafu uizungushe yenyewe, sio kizibo. Kitoke kwa pumzi tu, kisilie. Mimina kwenye glasi ya waini yenye tumbo, ile nyembamba ndefu inaficha harufu.