Jinsi ya kuomba idhini ya kurekebisha mitaro ya maji ya mvua kiwandani ili mafuriko yasibebe mafuta

Mwongozo huu ni wa mwenye kiwanda, gereji kubwa, kituo cha mafuta au yadi ya malori jijini Nairobi, hasa Industrial Area, ambako maji mengi ya uani huishia Mto Ngong. Mto huo hupita Mukuru, huungana na Mto Nairobi, huingia Athi, na mwisho humwagika baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliingia hadi ndani ya nyumba za watu wa Mukuru na Mathare. Dizeli inayotoka uani kwako siku kama hiyo haiishii mtoni. Huingia na maji hadi chini ya vitanda vya watu. Ndiyo maana nasema kazi hii ianze wakati wa kiangazi.

Kabla ya kujaza fomu yoyote, pata mchoro. Hapa ndipo maombi mengi hukwama, kwa hiyo usiharakishe. Mvua ikinyesha, zunguka uani na karatasi uweke alama: paa na gata zake, tangi la dizeli, jenereta, sehemu ya kuoshea magari, mfuniko wa kila shimo, na pale hasa maji yanapotokea nje ya ukuta. Mchoro usioonyesha maji yanaenda wapi baada ya ukuta wako hauna faida kwa mkaguzi. Mara nyingi utakuta maji safi ya paa yameelekezwa kwenye intasepta, lile shimo la vyumba vitatu la kutenga mafuta. Hilo ndilo la kwanza kuondoa, na ndilo la bei nafuu kuliko yote.

Kisha piga hesabu. Chukua ua wa zege wa mita mraba 2,000. Mvua ya milimita 50 kwa saa moja huangusha hapo lita 100,000, yaani karibu lita 28 kila sekunde. Intasepta yenye ujazo wa mita 6 za ujazo hujaa na kubadilisha maji yake yote chini ya dakika 4. Sasa tone la mafuta lenye upana wa sehemu 150 za elfu ya milimita hupanda juu kwa kasi ya milimita moja na nusu hivi kwa sekunde, na likianzia kina cha mita moja na nusu huhitaji zaidi ya robo saa kufika juu. Halipati muda huo. Matone madogo zaidi ndiyo hayana nafasi kabisa. Intasepta inayofanya kazi vizuri Januari inaweza kuwa bomba tu mwezi Aprili, na hesabu hii ndiyo itakayomshawishi mkaguzi, na hata mkurugenzi wako, kwamba marekebisho yanahitajika.

Mhandisi aonyeshe kwenye usanifu: maji ya paa yametengwa; kuna vali ya kufunga mtaro wa nje; bomba la kutokea lina kizuizi cha maji ya mto yasirudi ndani; ukuta unaozunguka tangi unabeba asilimia 110 ya ujazo wa tangi na kimo chake kimezidi kimo cha mafuriko; na tangi lenyewe limefungwa kwenye msingi. Hili la mwisho husahaulika sana. Tangi lililo nusu tupu huelea, na likielea hukata mabomba yake.

Maombi yenyewe huenda NEMA, mamlaka ya taifa ya usimamizi wa mazingira. Kama una leseni ya tathmini ya athari za mazingira, omba mabadiliko ya masharti ya leseni hiyo. Kama kiwanda ni cha zamani na hakikuwahi kupata leseni, njia ni ukaguzi wa mazingira, na marekebisho yaandikwe katika mpango wa usimamizi wa mazingira pamoja na tarehe za kukamilisha. Ujenzi mpya huhitaji ripoti ya mradi. Yote haya huandaliwa na mtaalamu aliyesajiliwa na NEMA. Mwombe leseni yake ya mwaka huu kabla ya kumlipa. Ambatisha hatimiliki au mkataba wa upangaji, cheti cha kampuni, PIN ya KRA, mchoro, hesabu na majibu ya maabara. Ada zitazame mtandaoni siku unayotuma.

Wakati huohuo peleka michoro kaunti kwa idhini ya ujenzi. Bomba likitokea mtoni au ukichimba ukingoni, utahitaji pia kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, WRA. Maji ya kuoshea magari yanaweza kuingia kwenye bomba la maji taka kwa ridhaa ya Kampuni ya Maji na Maji Taka ya Nairobi, lakini tafadhali usiingize humo maji ya mvua. Bomba litafurika kupitia mashimo ya barabarani, na kinyesi kitaishia mlangoni mwa jirani.

Ujenzi ukikamilika, omba leseni ya kutiririsha maji taka chini ya kifungu cha 75 cha sheria ya mazingira ya 1999. Huhuishwa kila mwaka. Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka kiwango cha mafuta na grisi katika maji yanayoachiliwa kwenye mazingira kuwa sufuri, basi sampuli ichukuliwe katika nusu saa ya kwanza ya mvua, wakati ua unaoshwa, na ipelekwe maabara inayotambuliwa na NEMA.

Tope la mafuta kutoka kwenye intasepta ni taka hatari. Libebwe na msafirishaji mwenye leseni, nawe ubaki na nakala ya fomu ya ufuatiliaji. Usimuuzie mtu anayelitaka kwa debe ili apake mbao za ua. Mkaguzi atauliza lilikoenda.

Mwisho, mafuriko huja hata usiku, ofisi ikiwa imefungwa. Mfundishe kila askari wa zamu kufunga vali ya mtaro, na jina lake na saa aliyoifunga viandikwe kwenye daftari la getini.