Somo: Miraba ya mfarishi kwa mabaki ya vitenge

Kila fundi ana kiroba chini ya meza. Changu kilikuwa kimevimba mpaka nikawa nakanyaga cherehani kwa mguu mmoja. Mteja akikumbuka mabaki yake, anataka kile kipande kinachotosha kilemba. Pembe na tepe nyembamba hamna anayeziulizia. Nilikuwa nawapa wanaojaza mito, hadi nilipojifunza kushona miraba.

Leo hatugusi mfarishi mzima, yaani lile tandiko la vipande vilivyounganishwa. Tunashona mraba mmoja. Ukiuweza, shona minne uiunganishe, upate foronya ya mto wa kochi wa inchi 16. Wanaotaka mfarishi wa kitanda cha futi 5 kwa 6 wasubiri kwanza. Nimeona wengi wakianzia kitandani wakaishia kupata kiroba cha pili.

Kuchambua

Wengi huchambua kwa rangi. Mimi huchambua kwa uzito, rangi baadaye. Kitenge cha pamba, khanga na poplini vinakaa pamoja bila ugomvi. Satini, jojeti na lesi weka kando, zitateleza na kuvuta vipande vingine. Kama hujui kipande ni cha nini, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista inajikunja na kuacha kidonge kigumu. Tetroni ya sare za shule ni mchanganyiko, utaona vyote viwili. Itumie, ila pasi isiwe ya moto mkali.

Kisha fua vyote, hata vile vidogo. Vitie kwenye foronya kuukuu uifunge mdomo. Kitenge kipya kina wanga na kinaruka kikifuliwa, yaani kinapungua. Kikiruka kikiwa tayari ndani ya mraba, mraba mzima unakunjamana.

Kukata

Mraba huu Wamarekani huuita kibanda cha magogo, kwa sababu unazungushia tepe kama mtu anayepanga magogo ya ukuta. Katikati wengi huweka nyekundu, kwa mfano wa moto wa mekoni. Unahitaji:

- kipande kimoja cha katikati, inchi 2½ kwa 2½
- tepe za upana wa inchi 1½: za rangi nyepesi jumla inchi 30, za rangi nzito inchi 36

Fuata uzi wa kitambaa unapokata. Utepe uliokatwa mshazari unanyooka mkononi kama mpira, na hutaona kosa hadi mwisho.

Kuhusu rangi nina neno moja. Kitenge kinapiga kelele. Ukiweka maua, samaki, feni na simu kwenye mraba mmoja, jicho halina pa kukaa. Kwa hiyo upande mwepesi mimi hutumia mabaki ya sare: nyeupe, samawati, kaki. Yametulia, na fundi yeyote anayeshona sare anayo tele.

Kushona

Kwanza weka alama ya robo inchi. Pima kutoka kwenye sindano kwenda kulia, bandika kipande cha plasta kwenye bati la cherehani, kingo ya kitambaa ipite hapo. Usiamini macho. Chukua tepe tatu za inchi 1½, ziunganishe, piga pasi, pima. Jumla iwe inchi 3½ na ule wa katikati uonekane inchi 1 kamili. Ukikosa, sogeza plasta ujaribu tena. Mimi nililipua bila kupima, nikashona miraba 12 ambayo hakuna miwili iliyolingana. Imekuwa vishikio vya sufuria.

Sindano namba 14, mshono mfupi kiasi cha milimita 2. Sasa zunguka:

1. Weka utepe mwepesi wa inchi 2½ juu ya kipande cha katikati, pande nzuri zikitazamana. Shona. Fungua, piga pasi, mshono ulalie nje.
2. Geuza kipande robo ya mzunguko. Shona mwepesi wa inchi 3½.
3. Geuza tena. Shona mzito wa 3½, geuza, kisha mzito wa 4½. Umemaliza mzunguko wa kwanza.
4. Mzunguko wa pili: 4½ na 5½ nyepesi, 5½ na 6½ nzito.
5. Wa tatu: 6½ na 7½ nyepesi, 7½ na 8½ nzito.

Kata utepe kwa urefu kamili kabla ya kuushona. Wapo wanaoshona utepe mrefu kisha wanapunguza. Mguu wa cherehani unauvuta, na mraba unatoka na mawimbi. Pasi nayo ibonyezwe na kuinuliwa, isiburutwe. Wa pasi ya mkaa, kung'uta majivu mbali na meza. Jivu kwenye tetroni nyeupe halina msamaha.

Mraba uliokamilika ni inchi 8½, na ukishaunganishwa unabaki 8. Panga minne, pembe nyepesi zikutane katikati, utaona almasi inajitokeza.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo fundi. Sina cherehani, mkono unafaa?*

Marahaba. Unafaa sana. Chora mstari wa robo inchi kwa penseli, piga bandi ndogondogo (sindano inapita juu na chini), na kila baada ya mishono mitano rudi nyuma mmoja ili uzi usiteleze.

*Dada, mraba wangu umetoka inchi 7¾. Nimekata vizuri kabisa, nimepima mara mbili.*

Nakuamini. Kosa liko kwenye mshono. Ukivuka upande mmoja kwenda wa pili kuna mishono sita. Kila mmoja ukiwa mpana kwa sehemu moja ya kumi na sita ya inchi, kitambaa kinaliwa pande zote mbili, yaani moja ya nane kila mshono. Zidisha kwa sita: robo tatu, ile ile uliyoikosa. Rudi kwenye plasta.

*Chumvi inazuia kitenge kisichuje?*

Nimeisikia tangu utotoni, na bado vitenge vyangu vilichuja ndani ya maji ya chumvi. Fua mpaka maji yawe meupe. Kisha lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu, bonyeza pasi. Kikipata rangi, kipande hicho kisikae jirani na nyeupe.

*Nina mashati ya marehemu baba. Yapo ya kitambaa cha kuvutika. Nikate au niache?*

Pole, dada. Kata. Mwaka 1942 huko Gee's Bend, jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe, akakata nguo zake za kazi na kushona mfarishi wa kujifunika na kumkumbuka. Yale ya kuvutika bandika gamstifu (kitambaa chenye gundi cha kukazia kola) upande wa ndani kwa pasi kabla ya kukata, yatatulia. Anza na shati usilolipenda sana, mkono uzoee. Na mfuko wa kifuani uuache mzima, ukae katikati ya mraba. Kwa huo kata kipande kikubwa na upunguze mizunguko.

*Ndani ya mfarishi niweke nini?*

Joto letu la pwani halitaki pamba nene. Shuka kuukuu linatosha, au blanketi jembamba kwa wa Mbeya na Njombe. Chini weka merikani, nayo uifue kwanza.

*Fundi, kile kipande cha samaki wa njano pale kwenye pembe ya mraba wako nakifahamu. Si ndiyo gauni langu la Idi?*

Ndilo, mama. Kipande kimebaki cha inchi 3. Njoo ukichukue, na ulete na lile deni la vifungo.